Mwongozo Kamili: Kuishi na Watu Ukiwa Mwepesi wa Kuhisi, Bila Kufurika na Bila Kutoweka

Kila anayeniomba ushauri kuhusu jambo hili hunieleza kisa kilekile. Majina tu ndiyo hubadilika. Alikubali mwaliko asioutaka. Akakubali na wa pili. Akapokea simu za usiku za rafiki yake kwa miezi minne, akacheka utani uliomchoma, akasema "hamna shida" pale palipokuwa na shida. Kisha siku moja, kwa jambo dogo kabisa, akalipuka. Au akazima simu na kupotea wiki tatu. Kisa huishia na swali: "Nifanyeje nisiumie hivi?"

Swali hilo ndilo linalowapoteza. Wanatafuta namna ya kupunguza kuhisi, na kuhisi hakupungui kwa kuamrishwa. Kinachoweza kubadilika ni wakati wa kusema. Wengi wetu tunasema yaliyo moyoni tukiwa tumechelewa, nguvu zimekwisha na sauti imeshapanda. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hatua zilizo hapa ni za kuziba ufa ungali ufa.

Zifuate kwa mpangilio wake. Wapo wanaoruka hadi hatua ya nne kwa sababu ndiyo tamu, kisha wanarudi kuniambia haikufaa kitu.

## Kwanza hakikisha jambo hili ni lako

Mtu mwepesi wa kuhisi, kwa maana ninayoitumia hapa, ni yule ambaye ubongo wake huchakata kwa kina kuliko kawaida kile anachokiona na kukisikia. Mwanasaikolojia wa Marekani Elaine Aron, aliyeanza kuupima wepesi huu miaka ya 1990, huutambua kwa mambo manne: kutafakari sana kabla ya kutenda, kuchoshwa upesi na kelele, mwanga na mambo mengi kwa mpigo, kuguswa kwa nguvu na hisia, zako na za wenzako, na kuona vitu vidogo ambavyo wengine huvipita.

Aron alikadiria kwamba karibu mtu mmoja kati ya watano yuko hivi. Utafiti uliochapishwa 2018 uliwagawa watu katika makundi matatu, na karibu asilimia 31 wakaangukia kundi la juu. Kwa hesabu yoyote ile, penye watu kumi huenda una mwenzako mmoja au wawili, amekaa kimya kama wewe.

Huu si ugonjwa. Wala si kuona haya: Aron anakadiria kwamba karibu asilimia 30 ya wenye wepesi huu ni watu wa kuchangamana, wanaopenda watu na kuchoshwa na watu haohao.

Tahadhari. Ikiwa hali yako ilianza ghafla baada ya tukio baya, au woga unakunyima usingizi, hamu ya kula au uwezo wa kutoka nje, mwone daktari au mshauri nasaha kwanza. Mwongozo huu hautoshi hapo.

## Vitu vya kuandaa

- Daftari dogo. Simu inaweza kufanya kazi hiyo, ila ina tabia ya kukuletea meseji ya mtu yuleyule unayemwandika.
- Saa ya kuhesabu muda. Ya kwenye simu inatosha.
- Siku 14 za kawaida. Usianze wiki ya msiba, mtihani au kuhama nyumba. Utapima dhoruba badala ya hali ya hewa.
- Mtu mmoja wa kuanza naye. Awe unayemwamini na unayeonana naye angalau mara moja kwa wiki. Wanaoanza hupenda kumchagua yule mgumu kuliko wote, eti wakimweza huyo wamewaweza wote. Hujifunzi kuogelea kwenye mkondo mkali.
- Usingizi. Ukilala vibaya, uso uliokunjamana kidogo utauona kama uso wa adui.

Usichokihitaji ni tangazo. Huna haja ya kuwakusanya ndugu na marafiki uwaambie kwamba umegundua wewe ni mtu wa aina fulani. Wengine watakuhurumia, wengine watakutania, na kila ukikataa jambo watasema "ni ile hali yake." Omba kitu kimoja mahususi kwa mtu mmoja mahususi. Inatosha.

## Hatua ya 1: Jipime kwa siku 14

Kila baada ya kukutana na watu, andika mistari miwili: mlikuwa wangapi, kwa muda gani, palikuwa na kelele kiasi gani, na uchovu wako kabla na baada, kwa alama kuanzia 0 hadi 10. Sifuri ni umetulia kabisa. Kumi ni unataka kulia au kukimbia.

Mfano: *Jumanne. Watu 5, saa mbili na nusu, muziki juu. Kabla 2, baada 8. Nilianza kuchoka baada ya saa moja na robo hivi.*

Kwa nini. Bila kipimo, tunalaumu watu kwa makosa ya mazingira. Nilimfahamu mtu aliyekuwa na hakika kwamba shemeji yake humchosha. Daftari lilipojaa, ikaonekana kwamba yeye na shemeji wakiwa wawili tu hakuwa na tatizo lolote. Kilichomchosha ni kwamba walikuwa wakikutana jioni, baada ya kazi, runinga inanguruma, na yeye hajala. Alikuwa amekaribia kuvunja undugu kwa sababu ya njaa na runinga.

Tahadhari. Usiandike nani alisema nini. Ukianza hivyo, daftari litageuka jalada la mashtaka, na utakuwa unakusanya ushahidi badala ya kujifunza. Andika mwili wako: mabega, tumbo, kichwa, pumzi.

Utajua umefaulu utakapoweza kusema sentensi kama hii bila kubahatisha: "Tukiwa wanne mahali pa kelele nina dakika 90. Tukiwa wawili mahali tulivu nina saa tatu." Hicho ndicho kiasi chako. Hakina aibu, kama ukubwa wa kiatu usivyokuwa na aibu.

## Hatua ya 2: Tenga ulichokiona na ulichojiambia

Hapa ndipo wengi wetu tunapoumia zaidi, kwa hiyo tukae kidogo.

Mtu mwepesi wa kuhisi huona kweli. Rafiki yako alipojibu "sawa" kwa mkato, sauti ilibadilika kweli; hukuota. Bosi wako alipokuangalia na kugeuka, aligeuka kweli. Shida ni kwamba kwa kuwa umeona sawasawa, unaamini na *sababu* uliyoitunga ni sahihi vilevile. Macho makali yanakupa uso uliokunjamana. Hayakuambii kwamba kiatu kinambana.

Chora safu tatu katika daftari lako:

1. Nilichokiona. Kile ambacho kamera ingekinasa. "Alijibu kwa neno moja. Hakuniangalia."
2. Nilichojiambia. "Amechoka na mimi. Nimemuudhi jana."
3. Sababu nyingine mbili. Zisizokuhusu wewe. Lazima ziwe mbili. Moja ni rahisi kuidharau. "Ana deni linalomsumbua. Alikuwa anaandika kitu kichwani."

Fanya hivi kwa jambo lolote lililokuganda akilini zaidi ya nusu saa.

Kwa nini. Maandishi ndiyo mtego mkubwa kuliko yote. Katika utafiti mmoja uliochapishwa 2005, watu walitumiana baruapepe, nyingine za kejeli, nyingine za dhati. Waliotuma walitarajia wasomaji watambue tofauti karibu mara nane kati ya kumi. Wasomaji walitambua zaidi kidogo ya nusu, yaani wangerusha sarafu tu wasingekuwa mbali. Basi ile "ok" isiyo na nukta wala tabasamu unayoisoma kwa mara ya kumi na moja usiku wa manane haina habari unayoitafuta ndani yake.

Na kuna jambo jingine linalofaa kukumbukwa unapotoka kwa mtu ukiwa na hakika kwamba umemboa. Mwaka 2018 watafiti walichapisha matokeo ya kuwakutanisha watu wasiojuana ili wazungumze. Kwa wastani kila mmoja alidhani mwenzake amempenda *kidogo kuliko* mwenzake alivyosema mwenyewe. Na hao walikuwa watu wa kawaida. Sisi tunaorudia mazungumzo yote kichwani tukiwa kitandani tuna sababu zaidi ya kuishuku hukumu yetu.

Kama baada ya safu ya tatu bado moyo haujatulia, uliza. Mara moja, kwa maneno mepesi:

"Jana ulionekana mbali kidogo. Kuna jambo kati yetu, au ni uchovu tu?"

Kisha pokea jibu lake. Akisema ni uchovu, ni uchovu.

Tahadhari. Kuuliza si ujinga, ila kuuliza mara tano ni mateso. "Una uhakika? Kweli hujanikasirikia? Niambie tu ukweli." Ukimwuliza mtu hivyo mara nyingi, mwishowe atakasirika kweli, nawe utasema "nilijua." Swali moja kwa jambo moja. Likikuwasha la pili, liandike daftarini.

Utajua umefaulu si pale hofu itakapokoma. Itakuja kama kawaida. Utajua pale utakapojikuta umesema, "Nimeona uso wake, sijui sababu," ukaendelea na shughuli zako.

## Hatua ya 3: Toka kabla hujafurika, na useme utarudi lini

Daftari la hatua ya kwanza limeshakuonyesha dalili zako za mwanzo. Kwa wengine ni meno kuumana. Wengine wanaanza kusikia kila sauti chumbani kwa pamoja, au wanacheka bila kusikia walichochekea. Mimi mikono hupoa. Hiyo ni alama ya 5. Ukifika 8, maneno mazuri yote uliyoyasoma yatakuwa yamekutoka.

Ikifika 5, fanya yafuatayo:

Mosi, sema unatoka na utarudi lini. "Naomba dakika ishirini nipumzike kichwa, halafu tuendelee." Kwenye hafla: "Natoka nje kidogo, narudi baada ya robo saa."

Pili, washa saa.

Tatu, toka pale kweli. Usiende kukaa chumba cha pili ukisikiliza wanachosema. Tembea, au kaa mahali pasipo na kelele. Vuta pumzi kwa hesabu ya nne, toa kwa hesabu ya sita au nane. Utoaji ukiwa mrefu kuliko uvutaji, mapigo ya moyo hupungua. Usiandae hotuba ya kumjibu mtu. Kuandaa hotuba ni kuendelea na ugomvi peke yako.

Nne, rudi saa uliyosema. Hata kama ni kurudi kusema, "Bado sijatulia, tuzungumze kesho asubuhi."

Kwa nini dakika ishirini. John Gottman, aliyetumia miaka mingi kuchunguza wanandoa wanavyogombana, aligundua kwamba mapigo ya moyo yakipanda zaidi ya 100 kwa dakika, mtu huacha kusikia vizuri anachoambiwa, na mwili huhitaji si chini ya dakika 20 kurudi sawa. Dakika tano hazitoshi. Utajiona umetulia, neno la kwanza likikugusa unarudi palepale.

Tahadhari. Kutoka bila kusema utarudi lini kunaitwa kununa, hata kama wewe ndani unaita kupumzika. Anayebaki hana njia ya kujua tofauti. Anaona mgongo wako tu.

Utajua umefaulu utakapotoka na kurudi mara tatu, na mara ya nne mwenzako akakuambia, "Nenda upumzike kwanza," kabla hujafungua mdomo.

## Hatua ya 4: Sema mapema, kwa sentensi fupi iliyoandaliwa

Sasa ndiyo kazi yenyewe.

Chagua *jambo moja* kutoka daftarini, linalojirudia, lililo alama 3 au 4. Si lile kubwa la miaka. La 3 au 4, kwa sababu hilo unaweza kulisema bila sauti kutetemeka, na mwenzako anaweza kulisikia bila kujitetea.

Sentensi ina vipande vitatu: jambo lenyewe, unachoomba, na unachoweza kutoa. Kipande cha tatu ndicho watu husahau, na ndicho kinachomwonyesha mwenzako kwamba humfukuzi.

Tulinganishe. Rafiki anapiga simu kila usiku saa nne.

Iliyochelewa, miezi minne baadaye: "Wewe kila siku ni matatizo yako tu! Hujawahi hata kuniuliza mimi naendeleaje. Nimechoka!"

Ya mapema, wiki ya pili: "Dada, simu za saa nne usiku zinanikosesha usingizi. Naomba tuzungumze kabla ya saa mbili. Jumatano na Jumapili nina muda wa kutosha, nitakupigia mwenyewe."

Angalia kilichokosekana katika ya pili. Hakuna "samahani sana, najua mimi nina matatizo yangu." Hakuna hadithi ya utotoni. Hakuna "wewe kila siku." Na hakuna uongo. Sentensi inakwisha kabla ya yeye kupata pa kuning'inia.

Mifano mingine, uibadilishe iendane na mdomo wako:

*Mwaliko:* "Nitakuja. Nitakaa mpaka saa moja na nusu kisha nitaondoka, nakuambia mapema usije ukashangaa."

*Utani unaochoma:* "Kaka, huo utani wa uzito wangu sijaupenda. Nitanie kwa mengine, hayo hayaishi."

*Anayeishi nawe:* "Nikifika kutoka kazini naomba nusu saa ya ukimya. Baada ya hapo nisimulie yote, nataka kuyasikia."

*Mkubwa wako kazini:* hapa zungumzia kazi, si hisia zako. "Taarifa hii inahitaji umakini. Naomba niiandikie chumba cha pembeni, utaipata kabla ya saa nane." Mkubwa hana haja ya kujua unavyohisi. Ana haja ya taarifa.

Fanya mazoezi kwa sauti, peke yako, mara tano. Najua unaona aibu. Lakini sentensi ambayo mdomo haujawahi kuitamka, hofu itaikata katikati, na utakachotoa ni "hamna shida" kwa sababu hiyo ndiyo mdomo umeizoea.

Ukishasema, nyamaza. Kimya kitakachofuata kitaonekana kirefu. Usikijaze. Sisi ndio mabingwa wa kuomba kitu kisha kukifuta wenyewe: "...lakini kama haiwezekani usijali, ni mimi tu." Hapo umeomba na kujikatalia kwa pumzi moja.

Akicheka au akisema "jikaze" je? Rudia ombi lilelile, kwa sauti ileile, bila kuongeza hoja. "Najua kwako ni jambo dogo. Bado naomba tuzungumze kabla ya saa mbili." Ukianza kuthibitisha kwamba unaumia kweli, mazungumzo yamehama kutoka saa ya simu hadi kesi ya kama una haki ya kuchoka, na kesi hiyo huishindi.

Akikasirika je? Inawezekana, hasa kama kwa miaka mingi umemzoesha kwamba hukatai kitu. Wewe utaihisi hasira yake mwilini kama yako na utataka kurudisha maneno ili hali itulie. Subiri siku mbili. Mara nyingi mtu hukasirikia mabadiliko, si wewe, na siku mbili zinatosha kuonyesha ni lipi.

Tahadhari. Usitoe visingizio vya uongo. "Naumwa" inafanya kazi leo. Kesho kutwa utakuwa na ugonjwa wa kukumbuka. Na pili: kama mtu ameambiwa waziwazi mara tatu na bado anakudhihaki mbele za watu, au anakutisha, au ananyanyua mkono, acha kutafuta sentensi bora. Hakuna sentensi ya mtu huyo. Tafuta usalama na mtu wa kukusaidia.

Utajua umefaulu pale utakapoomba jambo la alama 3 na yule mtu akasema tu, "Aa, sawa," kama uliyeomba kupitishiwa chumvi. Utashangaa, na pengine utakasirika kidogo ukikumbuka miaka uliyoibeba.

## Hatua ya 5: Badilisha namna ya kuonana kabla ya kupunguza watu

Fupi hii. Kabla hujamwondoa mtu katika maisha yako kwa sababu anakuchosha, badilisha umbo la mkutano. Watu wanne wawe wawili. Saa nne ziwe moja na nusu. Kukaa kutazamana kuwe kutembea. Wengi wetu huzungumza vizuri zaidi tukitembea, pengine kwa sababu hatulazimiki kusoma uso wa mtu kila sekunde. Jaribu mara tatu, pima kwa alama zilezile za hatua ya kwanza.

Alama zikishuka, mtu hakuwa tatizo. Zikibaki 8 hata mkiwa wawili mahali tulivu kwa saa moja, basi ni yeye, na una haki ya kuonana naye mara chache.

## Hatua ya 6: Sikiliza shida za watu bila kuhamia ndani yake

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwetu sisi ni kinyume. Rafiki anatua mzigo wake mbele yetu, analala usingizi wa pono, sisi ndio tunakesha nao.

Kabla hajaanza kusimulia, uliza: "Unataka nisikilize tu, au tutafute la kufanya?" Nusu ya uchovu wetu hutokana na kutafuta suluhu ambazo hakuna aliyeziomba.

Akiwa anasimulia, sikia miguu yako inavyogusa sakafu. Inaonekana ni jambo la kitoto, lakini inakukumbusha mwili wa nani uko wapi. Kisha badili swali la kimoyomoyo. Badala ya "ningekuwa mimi ningeumia vipi," jiulize "namtakia nini huyu." Tofauti si ya maneno tu. Tania Singer na Olga Klimecki, katika tafiti walizochapisha miaka ya 2013 na 2014, waliwafundisha watu kwanza kuyahisi mateso ya wengine, na hisia mbaya za watu hao zikaongezeka. Walipowafundisha kumtakia mema anayeteseka, hisia njema zilipanda hata wakiwa wanatazama mateso yaleyale.

Weka mwisho mwanzoni: "Nina nusu saa, nipe yote." Na baada ya simu fanya kitu cha mikono, kufua, kupanga vitabu, kumwagilia mimea, kabla ya kukaa.

Tahadhari. Mtu akikuambia anataka kujidhuru, usihesabu dakika, na usibebe peke yako. Mtafutie msaada wa kitaalamu na mwambie mtu mwingine aliye karibu naye.

Utajua umefaulu asubuhi, utakapoamka na kugundua kwamba umelala.

## Hatua ya 7: Ukikosolewa, chukua muda

Jibu ni moja tu, likariri: "Asante kwa kuniambia. Nipe mpaka kesho nilifikirie." Halafu usijitetee wala usijishutumu papo hapo.

Usiku ule jiulize ukitumia jina lako mwenyewe, kama unayemshauri rafiki: "Juma, katika haya aliyosema, lipi ni kweli?" Mwanasaikolojia Ethan Kross na wenzake walionyesha mwaka 2014 kwamba kujizungumzia kwa jina badala ya "mimi" humsaidia mtu kujiweka mbali kidogo na jambo na kulitazama kwa utulivu. Mara nyingi utakuta kuna theluthi moja ya kweli. Chukua hiyo theluthi.

## Hatua ya 8: Kama umeshatoweka, rudi hivi

Pengine unasoma haya ukiwa tayari umepotea. Kuna meseji tisa hujazijibu, na kila siku inayopita jibu linakuwa gumu zaidi, kwa sababu unadhani sasa lazima liwe refu.

Lisiwe refu. Mistari mitatu: ulichofanya, bila sababu ndefu, unachojutia, na hatua inayofuata yenye siku.

"Nimekaa kimya wiki tano na hukustahili hilo. Nilichoka, nikashindwa kusema. Jumamosi ukipata nafasi, tutembee?"

Tahadhari. Usimtake akuliwaze. "Mimi ni rafiki mbaya sana, sijui kwa nini unanivumilia" inamlazimisha aliyeachwa amfariji aliyemwacha. Na usiahidi kwamba haitatokea tena. Ahidi kidogo: "Nikichoka tena nitakuandikia neno moja, 'nimezimika', ujue nipo." Kisha liandike kweli siku hiyo ikifika. Neno moja tu.

Utajua umefaulu hata asipojibu siku hiyo. Wapo watakaojibu kwa ubaridi, na wana haki. Wape muda uleule uliojipa wewe.

Mimi niliwahi kuondoka kwenye sherehe ya rafiki yangu wa karibu bila kuaga, nikakaa kimya mwezi na zaidi, nikiwa na hakika kwamba ananichukia. Niliandika ile meseji ya mistari mitatu, nikaifuta, nikaiandika tena. Jibu lilikuja kabla sijaweka simu mezani: "Nilidhani mimi ndiye niliyekukosea. Jumamosi saa kumi. Ukichoka sema, tutarudi."

Tulirudi baada ya dakika hamsini. Nilisema nikiwa kwenye alama ya 4.